Viza ya Schengen kwa pasipoti ya Tanzania: 2023 nilinyimwa, 2025 nikapewa. Haya ndiyo niliyobadilisha

#1 Mama Fremu

Wakuu, habari zenu.

Nauza vitenge Kariakoo, mwaka wa kumi na moja huu. Dada yangu mkubwa ameolewa Uholanzi, anaishi Rotterdam, na tangu aondoke hakuna mtu wa nyumbani aliyewahi kufika kwake. Mwaka 2023 niliomba viza ya Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, niende kumtembelea, nikanyimwa. Mwaka 2025 nikaomba tena, nikapewa, nikakaa wiki tatu, nikarudi na kufungua fremu yangu kama kawaida.

Kati ya maombi hayo mawili mimi ni yuleyule. Biashara ileile, dada yuleyule, hata akiba haikuwa imeongezeka kwa kiasi cha kutisha. Kilichobadilika ni karatasi. Naandika kwa sababu kila mwezi nakutana na mtu aliyepoteza pesa kwa njia ileile niliyopoteza mimi, na kwa kweli inaniuma.

Nianze na mkasa. Mwaka 2023 nilikwenda kwa wakala. Nikamwambia nataka kwenda kwa dada yangu Uholanzi. Akanijibu miadi ya Uholanzi iko mbali, ila ipo nchi nyingine ya Schengen yenye nafasi wiki ijayo, "viza ni hiyohiyo, ukishaingia unakwenda unakotaka." Akanitengenezea hoteli ya siku kumi katika mji ambao hata kulitamka jina lake nilikuwa siwezi. Kisha akauliza salio. Nilikuwa na milioni mbili na ushei. Akasema tafuta saba. Nikakopa milioni tano kwenye kikoba, nikaziweka benki Jumatatu kwa mkupuo mmoja, Alhamisi nikaenda kuchapisha taarifa ya benki. Ukiishika ile taarifa unaona mwenyewe: kurasa tano za laki moja inaingia, elfu themanini inatoka, laki mbili inaingia, halafu ukurasa wa mwisho mstari mmoja wa milioni tano umesimama peke yake kama mnazi shambani.

Nilipofika dirishani binti aliyepokea fomu aliniuliza swali dogo tu: unakwenda kutazama nini huko? Nikababaika. Nilikuwa sijui.

Pasipoti ilirudi na karatasi ndani yake. Karatasi ya kunyimwa ni fomu moja kwa nchi zote za Schengen, ina orodha ya sababu na visanduku. Kwangu vilitiwa alama viwili. Cha kwanza: maelezo kuhusu madhumuni na mazingira ya safari hayaaminiki. Cha pili: kuna shaka kama mwombaji ataondoka kabla viza yake haijaisha. Nililia kwenye daladala mpaka Mbagala. Ada ya viza wakati huo ilikuwa yuro 80, hairudishwi, na wakala alikuwa ameshachukua laki sita zake. Kikoba kilitaka milioni tano zake na riba.

Baada ya hasira kupoa nikaisoma ile karatasi tena, nikaona haikunisingizia. Maelezo hayakuwa ya kuaminika kwa sababu hayakuwa yangu. Nilikuwa nimempelekea afisa safari ya mtu mwingine, nikaiambatanisha na pesa za watu wengine.

Sasa kanuni zenyewe, maana wengi tunaambiwa nusunusu.

Schengen ni kijiji cha Luxembourg kando ya mto Moselle. Mkataba wa kuondoa ukaguzi mipakani ulitiwa saini hapo tarehe 14 Juni 1985. Leo ni nchi 29, na kuanzia Januari 2025 Romania na Bulgaria nazo zimeingia kikamilifu. Uingereza haimo. Ireland haimo. Cyprus bado. Viza moja inakupitisha kote ndani ya 29, lakini ombi halipelekwi popote upendapo. Unaomba kwa nchi utakakokaa siku nyingi zaidi. Kama siku zinalingana, unaomba kwa nchi utakayoingilia kwanza. Hapo ndipo wakala alinizamisha: dada yuko Rotterdam, mimi naomba kwingine.

Muda: huruhusiwi kuomba zaidi ya miezi sita kabla ya safari, wala chini ya siku 15. Uamuzi kwa kawaida ni ndani ya siku 15, ila wanaweza kuuvuta hadi 45 wakitaka kuchunguza zaidi. Mimi niliomba wiki kumi kabla.

Ada: kuanzia 11 Juni 2024 ni yuro 90 kwa mtu mzima, 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na chini ya miaka 6 ni bure. Ukipitia kituo cha kupokea maombi kuna malipo ya huduma juu yake, na hayo hayapaswi kuvuka nusu ya ada.

Pasipoti: iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe hai angalau miezi mitatu baada ya siku unayopanga kutoka Ulaya, na iwe na kurasa mbili tupu. Yangu ni ya kielektroniki, ile iliyoanza kutolewa 2018.

Bima ya safari: isipungue yuro 30,000, iwe halali nchi zote za Schengen na kwa siku zako zote, igharimie matibabu ya dharura na kukurudisha nyumbani, ikiwemo mwili endapo mtu atafariki. Kampuni za bima za hapa Dar zinaiuza. Soma tarehe kwenye cheti. Ya kwangu waliandika ianze siku moja baada ya mimi kufika, nikarudi kwao mpaka wakairekebisha.

Picha: milimita 35 kwa 45, ukuta mweupe nyuma, isizidi miezi sita. Hijabu inaruhusiwa kwa sababu ya dini, mradi uso wote uonekane kutoka kidevu hadi paji. Mpiga picha wa mtaani kwetu alinisafisha uso kwenye kompyuta, akaniondoa doa langu la shavuni, nikaambiwa kituoni picha haifai. Mwambieni asiguse kitu.

Nitaendelea na maombi ya pili, acha nihudumie wateja kwanza.

#2 Mdau wa Mwanza

Dada asante sana, umenigusa. Mimi nina swali moja tu: ni shilingi ngapi zinatakiwa ziwe benki? Kila mtu ananitajia kiwango chake. Mmoja milioni tano, mwingine kumi na tano.

#3 Mama Fremu

Mdau wa Mwanza, nami nililiuliza hilo kabla ya kila kitu, na ndilo lililoniponza. Kila nchi ina kiwango chake cha siku, na hutangazwa wazi. Uholanzi walinihesabia yuro 55 kwa siku. Ufaransa ni yuro 65 kwa siku ukiwa umelipia hoteli, 120 ukiwa huna, na 32.5 ukifikia kwa mtu mwenye hati ya mapokezi kutoka kwa meya wa mji wake. Kwa hiyo siku 21 kwangu zilikuwa yuro 1,155. Hiyo ni chini sana ya ile milioni saba niliyolazimishwa kuitafuta mwaka 2023!

Ila kiwango ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni pesa hiyo imefikaje hapo. Afisa anasoma mwendo. Mtu wa mauzo ana mwendo wake: Jumamosi anaweka, mwisho wa mwezi analipa fremu, mzigo ukiingia salio linashuka, sikukuu zikikaribia linapanda. Mimi nilikaa miezi minane naweka mauzo benki kila Jumatatu na Ijumaa, hata ikiwa laki na nusu. Zamani nilikuwa nafunga hesabu na kuweka pesa kwenye kibubu na kwenye simu, kwa hiyo benki hawakuwa wananijua kama mfanyabiashara. Miezi minane baadaye taarifa yangu ilikuwa na sura ya duka.

Ukipata pesa kubwa ya mara moja kihalali, usiifiche. Mwezi wa Novemba niliuza kiwanja kidogo cha marehemu baba pamoja na ndugu zangu, fungu langu likaingia benki. Nikaambatanisha mkataba wa mauzo na kuandika mstari mmoja kwenye barua yangu ya kueleza safari: kiasi hiki cha tarehe hii ni fungu langu la kiwanja. Basi.

Sasa maombi ya pili, niyaeleze kwa utulivu.

Nilijaza fomu mwenyewe, usiku, mwanangu akinisaidia kusoma. Fomu inauliza kama umewahi kuchukuliwa alama za vidole kwa viza ya Schengen. Mtu mmoja alinishauri nijibu hapana ili wasijue nilinyimwa. Wakuu, tafadhalini msifanye hivyo. Alama za vidole na maombi yako, hata yaliyokataliwa, vinakaa kwenye hifadhidata moja inayosomwa na nchi zote, hadi miaka mitano. Vidole vyenyewe vinaweza kutumika tena kwa miezi 59. Nilijibu ndiyo, nikaandika tarehe. Kisha kwenye barua yangu nikaweka aya nzima kuhusu 2023: kwamba niliomba kupitia mtu aliyenipangia safari isiyokuwa yangu, kwamba pesa zile zilikuwa mkopo wa kikoba na nimeshazirudisha, na kwamba safari hii ninakokwenda ni kwa dada yangu.

Dada naye alikuwa na kazi yake. Uholanzi wana fomu ya mwenyeji, ya malazi au ya udhamini, ambayo anaisaini na kuthibitishiwa saini yake katika ofisi ya manispaa. Kama angedhamini gharama zote angelazimika kuonyesha mkataba wa kazi na mshahara. Tukakubaliana yeye atoe malazi tu, gharama nibebe mimi. Hiyo fomu halisi, yenye muhuri, aliituma kwa posta ya haraka. Usikubali picha ya WhatsApp. Tukaweka pia cheti changu cha kuzaliwa na chake, ili ionekane baba ni mmoja na mama ni mmoja.

Kwa upande wa biashara nilipeleka leseni, namba ya mlipakodi pamoja na uthibitisho wa kulipa kodi, na mkataba wa fremu. Mkataba uko kwa Kiswahili, kwa hiyo nikaupeleka BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, ukatafsiriwa kwa Kiingereza na kugongwa muhuri. Wengi hawajui kwamba BAKITA wanafanya kazi hiyo. Nikaongeza barua ya binti anayeniuzia, nakala ya kitambulisho chake cha NIDA, ya kwamba yeye ndiye atakayeshika duka hadi nirudi tarehe fulani. Sikuambiwa na mtu niweke hiyo. Niliwaza tu: kama ningekuwa mimi nasoma, ningetaka kujua duka linabaki na nani.

Nikaweka oda ya ndege bila kuilipia, ya kwenda na kurudi, tarehe zikilingana na bima, zikilingana na fomu ya dada, zikilingana na barua. Usiku wa kuamkia miadi nilizitandaza karatasi zote kitandani, nikapita na kidole tarehe moja baada ya nyingine. Nikakuta kwenye barua nimeandika narudi tarehe 29 na kila mahali pengine ni 30. Nikaiandika upya saa sita usiku.

Dirishani niliulizwa tena: unakwenda kufanya nini? Nikasema nakwenda kumwona dada yangu, ana mtoto sijawahi kumbeba, na nataka kuyaona maua ya tulipu kule Keukenhof maana yanachanua Aprili. Nilisema bila kutetemeka. Maombi ya Uholanzi hayaamuliwi Dar, yanaamuliwa The Hague, kwa hiyo anayeamua hatakuona sura. Karatasi ndizo zitakazokusemea.

#4 Mpwani wa Muscat

Assalaam alaykum dada yangu, shukran kwa maelezo. Mimi ni Mzanzibari, nafanya kazi Muscat mwaka wa sita. Natakiwa nirudi Dar kuomba au naweza kuombea hapahapa?

#5 Mama Fremu

Waalaykum salaam kaka. Unaomba pale unapoishi kihalali, kwa hiyo Muscat ni sawa kabisa kwako na pasipoti yako ya Tanzania. Utaonyesha kibali cha ukaazi, na kiwe bado hai muda wa kutosha baada ya siku utakayorudi Oman, miezi mitatu ndiyo wanayopenda kuona. Barua ya mwajiri iseme likizo inaanza lini na unaripoti kazini lini. Kwa mtu wa mshahara hiyo barua ndiyo fremu yake.

#6 Kijana wa Ubungo

Mimi nitapingana nawe kidogo dada. Nililipa wakala 2022, nikapata viza bila kuhangaika. Si wote matapeli. Kuna watu hawajui hata kufungua kompyuta, hao ukiwaambia wajaze wenyewe unawapoteza.

#7 Mama Fremu

Kijana wa Ubungo, nakuelewa na sikatai. Wapo wanaosaidia kwa haki: kukujazia fomu kwa majibu yako, kukutafutia miadi, kukukumbusha bima. Huyo mlipe, kazi ni kazi. Mpaka wangu ni mmoja. Akianza kukutungia safari, akakupa hoteli usiyoijua, akakuletea barua ya kazi ya kampuni usiyofanyia, akakuambia "saini hapa mengine niachie", ondoka na pasipoti yako. Saini ni yako. Karatasi ya kughushi ikigundulika inaandikwa kwa jina lako, yeye anabaki na ofisi yake na mteja mwingine kesho.

Na mtu asiyejua kompyuta amtafute mpwa, mtoto wa jirani, mwalimu wa mtaani, akae naye, asome kila swali kwa sauti na kujibu mwenyewe. Mimi sikusoma zaidi ya darasa la saba. Nilifanya hivyo na mwanangu wa kidato cha tatu.

#8 Binti wa Lubumbashi

Jambo ndugu zangu. Mimi niko Lubumbashi, nina pasipoti ya Kongo. Siendi Ulaya, nakwenda Kanada kwa kaka, viza ya Kanada ninayo. Nitabadilisha ndege Ulaya saa nne tu, sitoki uwanjani. Nayo inaomba viza?

#9 Mama Fremu

Dada wa Lubumbashi, umeuliza jambo linalowaumiza Wakongomani wengi. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imo kwenye orodha ya nchi ambazo raia wake wanatakiwa kuwa na viza ya kupita uwanjani hata bila kutoka nje. Watanzania na Wakenya hatumo kwenye orodha hiyo ya pamoja. Lakini sheria hiyohiyo inawasamehe wenye viza hai ya Kanada, Marekani au Japani, kwa hiyo wewe upo upande wa salama. Bado iandikie shirika la ndege kabla ya kukata tiketi na utunze majibu yao, maana anayekuzuia kupanda ni wao kule kaunta, na akishakuzuia ndege haikusubiri.

#10 Mkaazi wa Mombasa

Asante sana dada. Huku Kenya mambo ni hayohayo. Niongeze la watoto: nilisafiri na kijana wangu wa miaka tisa peke yangu, baba yake yuko kazini Doha. Waliitisha cheti cha kuzaliwa na idhini ya baba, iliyosainiwa mbele ya wakili. Alama za vidole hakuchukuliwa, maana chini ya miaka 12 hawachukui. Wenye watoto muanze hiyo idhini mapema, ilinila wiki tatu.

Pia mtu akinyimwa, je, kuna kukata rufaa?

#11 Mama Fremu

Asante mama kwa hilo la idhini, sikulijua.

Rufaa ipo, ni haki, na karatasi ya kunyimwa lazima ikuambie upeleke wapi na ndani ya siku ngapi. Kila nchi ina utaratibu wake. Uholanzi ni pingamizi la maandishi ndani ya wiki nne. Ujerumani walikuwa na njia ya bure ya kuomba ubalozi uangalie tena, lakini imefutwa kuanzia 1 Julai 2025, sasa ni mahakamani au kuomba upya.

Maoni yangu: kama ulipeleka kila kitu sawasawa na wao wamekosea, pinga. Kama wewe ndiye uliyekosea, kama mimi, usipoteze muda kutetea karatasi mbovu. Omba upya, bila haraka, ukiwa na kitu kipya mkononi. Kuomba tena wiki inayofuata kwa karatasi zilezile ni kulipa tena ili upewe jibu lilelile.

#12 Kijana wa Ubungo

Dada nimekusoma, na nimekuelewa. Je, stika yenyewe ya viza kwenye pasipoti inasomwaje? Rafiki yangu alikaribia kuingia matatani kwa kuzidisha siku.

#13 Mama Fremu

Hapo pana hatari ya kweli, nami nusura niingie. Kwenye stika kuna tarehe mbili na idadi ya siku, na hivyo ni vitu viwili. Yangu iliandikwa kuanzia 10-04-25 hadi 15-05-25, siku 21, kuingia mara 01. Dada alipoiona alifurahi, akasema utakaa mpaka katikati ya Mei. Hapana. Tarehe hizo mbili ni dirisha tu, wanaongeza siku 15 za akiba endapo safari itasogea. Siku za kukaa ni 21, siku ya kufika inahesabiwa ya kwanza, na siku ya kutoka inahesabiwa pia. Niliingia tarehe 10, nikatoka 30.

Kuingia mara moja maana yake ukitoka nje ya zile nchi 29 huwezi kurudi. Shemeji alitaka tupande treni twende London siku moja. Kwanza Uingereza ina viza yake, na hata ningekuwa nayo, nisingeweza kurudi Rotterdam.

Niliposafiri mimi walikuwa bado wanagonga muhuri. Tangu 12 Oktoba 2025 wameanza mfumo mpya wa kielektroniki unaoandika kila anayeingia na kutoka kwa picha ya uso na alama za vidole, na mihuri inaondolewa. Kompyuta inahesabu siku zako yenyewe. Kuzidisha hata siku moja kutaonekana, na kutakufuata kwenye maombi yajayo. Kwa upande wa pili, anayerudi kwa wakati naye anaonekana. Ukitumia vizuri viza tatu ndani ya miaka miwili, sheria inasema upewe ya kuingia mara nyingi ya mwaka mmoja, kisha ya miwili, kisha ya mitano.

#14 Mdau wa Mwanza

Dada, ni mimi wa lile swali la shilingi ngapi. Baada ya majibu yako niliahirisha maombi, nikatengeneza mwendo wa akaunti ya duka langu la vipuri karibu nusu mwaka. Juzi nimepewa! Ni Uholanzi pia, nakwenda kwa rafiki niliyesoma naye. Sina la kusema zaidi ya asante. Niambie nishike nini mkononi, sijawahi kupanda ndege ya nje.

#15 Mama Fremu

Mungu akubariki, umenifurahisha mno, nimemsomea binti wa dukani akapiga vigelegele.

Viza ni ruhusa ya kufika mpakani, anayekuingiza ni afisa wa pale. Kwa hiyo zile karatasi zako zote toa nakala, weka kwenye faili, na faili likae kwenye begi la mkononi: tiketi ya kurudi, bima, fomu ya mwenyeji, anwani na namba yake ya simu iliyoandikwa kwenye karatasi, kwa sababu simu inaweza kuzima. Kadi ya benki na yuro taslimu kidogo. Cheti cha homa ya manjano weka ndani ya pasipoti.

Pale Schiphol, uwanja wa ndege wa Amsterdam, mimi niliulizwa matatu: unakaa kwa nani, siku ngapi, una pesa kiasi gani. Nilifungua faili kabla hajamaliza la tatu. Aliangalia ile fomu yenye muhuri wa manispaa, akagonga, akaniambia karibu. Yote hayo hayakufika dakika tatu.

Kutoka Mwanza acha usiku mzima katikati kabla ya ndege ya kimataifa, usipange kuunganisha siku hiyohiyo. Na koti zito usilifungie kwenye begi kubwa, livae au libebe mkononi. Nilitoka nje saa mbili asubuhi Aprili na kanga begani, dada alinikuta natetemeka, mtoto kambeba mgongoni.